Maziwa Safarini

Hapana chakula duniani kilicho karibu na mlaji wake kuliko maziwa ya mama. Maziwa haya hayataki moto, sufuria wala soko. Hupikwa pasipo moshi, hupakuliwa pasipo mwiko, na huwa tayari saa ile ile mlaji aliapo kwa njaa. Baina ya ziwa na kinywa hapana njia ya kusafiri. Kwa sababu hiyo watu wengi hawajapata kuyafikiri maziwa ya mama kuwa ni kitu chenye safari. Mimi nimeyafikiri, maana nilisafiri nayo. Na safari ile ilinifunza jambo ambalo vitabu havikuwa vimenifunza, ingawa kazi yangu ni vitabu.

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 nilialikwa kusoma makala katika mkutano wa wataalamu wa lugha katika mji mmoja wa Ulaya. Makala yangu yalihusu mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili. Wakati huo nilikuwa na mtoto wa kike wa miezi 7, niliyempata baada ya miaka mingi ya kungoja, wakati ambapo jamaa zangu walikuwa wamekwisha kuacha kuniuliza. Kumchukua sikuweza: mwaliko ulilipa nauli ya mtu mmoja, na huko niendako sikuwa na mtu wa kumshika wakati wa kusoma kwangu. Kukataa mwaliko pia sikutaka, kwani mwalimu asiyetoka kwake hujiona bingwa kwa kukosa wa kushindana naye. Nikaamua kumwacha kwa mama yangu kwa siku 6, na kumwachia maziwa.

Kumwachia mtoto maziwa ni neno jepesi kulitamka, lakini kazi yake ni nzito. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Kurani nayo, karne nyingi kabla ya shirika hilo, ilitaja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Mtoto wangu alikuwa amekwisha kuonja uji, lakini bado alikunywa kiasi cha nusu lita ya maziwa kwa siku. Basi kwa muda wa majuma manne niliamka alfajiri, kabla ya adhana, nikajikamua kifuko kimoja na kukigandisha, mpaka nikapata vifuko 25 vya mililita 120 kila kimoja. Mama yangu akawa mlinzi wa jokofu. Umeme ulipokatika hakuruhusu mtu yeyote kulifungua, hata kwa kutazama tu.

Chombo nilichokitumia kilikuwa pampu ndogo inayokwenda kwa betri. Chombo hiki kina historia ya ajabu kidogo. Mmoja wa watu wa kwanza kubuni pampu ya umeme kwa ajili ya maziwa ya mama alikuwa Edward Lasker, mhandisi aliyejulikana zaidi kwa ubingwa wake wa sataranji. Jambo hilo alilifanya katika miaka ya 1920. Mnamo mwaka wa 1956 mhandisi wa Uswidi, Einar Egnell, alitoa mashine yenye mvuto wa upole zaidi. Mashine za zamani zilikuwa kubwa, na mahali pake palikuwa hospitali. Za leo hukaa katika mkoba, zikalala karibu na kalamu na miwani.

Yamkini msomaji atauliza: kama mtoto ameachiwa maziwa yake nyumbani, mama ana haja gani ya kuichukua pampu safarini? Swali ni jema, na jibu lake wengi hawalijui. Ziwa si pipa linalongoja kufunguliwa. Ni kiwanda kinachofuata maagizo. Likinyonywa au likikamuliwa, mwili huamini kwamba mtoto yupo na ana njaa, ukatengeneza mengine. Likiachwa limejaa, mwili huamini kwamba mtoto hahitaji tena, ukaanza kupunguza. Tena ziwa lililoachwa limejaa huwa gumu kama jiwe, huuma, na huweza kuvimba na kuleta homa. Mama anayenyonyesha akikaa siku 6 bila ya kujikamua hupata mambo mawili kwa pamoja: maradhi wakati wa kwenda, na ukame wakati wa kurudi. Hivyo pampu haikuwa anasa. Ilikuwa naibu wa mtoto wangu, akishika zamu yake mpaka nirudi.

Hapa nataka kusema habari ya lugha, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi kauli ya kutendesha kwa mfano ule ule: mtoto hunyonya, mama hunyonyesha. Ni mfano mzuri, kwani waonyesha wazi kwamba tendo la pili halisimami pasipo la kwanza. Mama hawezi kunyonyesha hewa. Kitenzi chenyewe chadai watu wawili. Lakini mama akijikamua peke yake chumbani, afanya nini? Kukama ni kwa ng'ombe na mbuzi. Kukamua ni kwa chungwa, kwa nguo iliyofuliwa na kwa jipu. Lugha iliyompa mtoto neno lake na mama neno lake, haikumpa neno la heshima mama aliye mbali na mtoto. Silaumu lugha. Wahenga hawakuwa na mama aliyepanda ndege akamwacha mtoto wa ziwa nyuma ya bahari na jangwa. Nasema tu kwamba kitu kisicho na jina hupita milangoni kwa shida.

Siku ya safari nilifika katika kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, katika jengo jipya la abiria lililofunguliwa mwaka ule ule. Mkoba wangu ulipopita katika mashine ya kumulika mizigo, afisa mmoja mwanamke aliniita kando. Akaitoa pampu, akaigeuza, akauliza, "Mama, hii mashine ya nini?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Ya kukamulia maziwa. Nanyonyesha."

Uso wake ukabadilika. Akairudisha pampu mahali pake taratibu, akafunga zipu mwenyewe. "Pole, mama. Mtoto umemwacha na nani?"

"Na bibi yake."

"Basi yuko salama. Safari njema."

Mazungumzo yale hayakuzidi dakika moja. Wakati ule niliyaona kuwa jambo dogo. Baadaye niliyakumbuka kama mtu mwenye kiu akumbukavyo mtungi alioupita njiani.

Katika ndege nilijikamua msalani, nimesimama, mgongo wangu umeegemea mlango, huku nikisikia watu wakigonga. Katika mkutano nilitafuta vyumba vitupu, na siku moja nilijifungia katika ghala la viti. Sikumwuliza mtu yeyote chumba cha kujisitiri, ijapokuwa wenyeji wetu walikuwa watu wema na hapana shaka wangalinipa. Nilikuwa naona haya. Kati ya wajumbe alikuwamo profesa mmoja mzee wa kwetu, ambaye namheshimu kama baba. Aliniona nikiubeba mkoba ule kila mahali, hata wakati wa chakula, akanitania, "Mwanangu, umebeba nini humo? Dhahabu?"

Nikamjibu, "Dawa, mzee."

Nilisema uongo. Uongo huo ulikuwa mdogo na wenye adabu, na aghalabu uongo wenye adabu ndio tusioutubia. Nilikuwa nimesimama asubuhi ile ile mbele ya watu wa mataifa mengi nikawaeleza kwa ufasaha maumbo ya vitenzi, na mfano wangu wa kwanza ulikuwa kunyonya na kunyonyesha. Neno lile lilipokuwa mfano ubaoni nililitamka bila ya kutetemeka. Lilipokuwa maisha yangu mwenyewe liligeuka kuwa dawa.

Kwa siku 3 za mkutano nilipata lita 2 za maziwa, katika vifuko 10. Nilivihifadhi katika jokofu la chumba cha hoteli. Niliyataka maziwa yale yafike nyumbani, kwa kuwa akiba ya mtoto ilikuwa inakwisha na kazi ilikuwa inaningoja. Nilikuwa nimesoma kanuni za utunzaji wake. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kiasi cha saa 4 katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, kiasi cha siku 4 katika jokofu, na kiasi cha saa 24 katika mkoba wa baridi wenye vifuko vya barafu vilivyoganda. Safari yangu ya kurudi, kutoka hoteli mpaka nyumbani, ilikuwa ya saa zisizopungua 20. Hesabu ilinitosha, lakini ilinitosha kwa sharti moja tu: barafu.

Yafaa msomaji aelewe asili ya kanuni iliyonikuta mlangoni. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamevumbua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikienda Marekani, kwa kutumia vimiminika vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Siku ile ile vimiminika vilipigwa marufuku mikononi mwa abiria. Maziwa ya watoto wachanga yaliachwa yapite, lakini kwa sharti kwamba mzazi ayaonje kila chupa mbele ya mkaguzi. Baadaye, mnamo Novemba mwaka huo, nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka kipimo ambacho kila msafiri alikijua: vyombo visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita 1. Katika viwanja kadhaa mashine mpya zimeanza kukilegeza kipimo hicho, lakini mwaka wa 2019 kilikuwa bado kinatawala. Siipingi kanuni hiyo. Iliwekwa kwa kulinda roho za watu, na roho yangu mimi ilikuwa mojawapo. Lakini kila kanuni ina kivuli, na mtu aliyesimama kivulini haonekani na aliyeiweka.

Katika kiwanja cha kuondokea, ambacho sitakitaja, safu ya watu ilikuwa ndefu. Mizigo yangu mikubwa ilikuwa imekwisha kwenda. Nilingoja karibu saa nzima, na yule profesa mzee alikuwa nyuma yangu. Mkaguzi kijana akaufungua mkoba, akavitoa vifuko kimoja kimoja akavipanga juu ya meza kama vielelezo vya mahakama. Akauliza ni nini. Nikajibu kwa sauti ndogo. Hakusikia, akauliza tena. Nikajibu tena, na safari hii walisikia watu wote, hata yule mzee. Mzee, kwa adabu yake, akageuza uso akawa kama anayesoma tangazo ukutani.

Kijana akatazama kulia kwangu, akatazama kushoto, kisha akatazama chini, kana kwamba kuna mtu mdogo aliyeanguka. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Nikasema yuko nyumbani, Tanzania.

"Basi maziwa haya ni ya nani?"

Sijapata kuulizwa swali gumu kama hilo katika mtihani wowote. Kanuni aliyopewa yule kijana ilimwambia kwamba maziwa ya mtoto hupita pamoja na mtoto. Mtoto asipokuwapo, maziwa yale si maziwa tena. Ni kimiminika, sawa na mafuta ya nywele na sharubati. Kanuni yake na kitenzi changu vilikuwa ndugu: vyote viwili vilidai watu wawili mahali pamoja. Mimi nilikuwa mmoja.

Aliitwa mkubwa wake, mwanamke wa makamo. Alivipima vifuko kwa karatasi na mashine yake, akakuta ni salama, akaniruhusu nivichukue. Nilikaribia kumbusu mkono. Kisha akavigusa vifuko vya barafu, akaviona vimelainika kwa kungoja, akatikisa kichwa. Barafu iliyoganda kama jiwe hupita. Iliyoanza kuyeyuka ni kimiminika, na kila kifuko kilizidi mililita 100. Akavitupa vyote 4 katika pipa. Hakuwa mkali. Aliitimiza kanuni yake kwa uso mwema. Lakini alinipa maziwa akaninyima baridi, na katika habari hii kutoa kimoja na kuzuia cha pili ni kama kumpa mtu taa na kumnyima mafuta.

Ndege ilikuwa inakwenda Maskati, safari ya karibu saa 7. Mtumishi mmoja wa ndege alinisaidia: alinijazia mfuko vipande vya barafu ya vinywaji, akarudi mara mbili kuongeza, mpaka barafu yao ikaisha. Niliupakata mkoba ule kama ningalivyompakata mwenyewe mwenye maziwa. Nilikuwa nikiugusa kila mara kwa kiganja, kama mama agusavyo paji la mtoto mwenye homa. Tofauti ni kwamba mimi niliogopa joto na huku nililipeleka joto kwa mkono wangu.

Maskati nilikuwa na saa 4 za kungoja. Nikaenda katika chumba cha wanawake cha kusalia, nikakaa pembeni, nikajifunika ushungi, nikaanza kujikamua. Alikuwamo bibi mmoja mtu mzima, amevaa nguo za Kiomani. Aliisikiliza sauti ya pampu kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Mwanangu, kwani wajificha nini? Humu tu wanawake watupu."

Nikashtuka, nikacheka, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwana umemwacha wapi?"

Haishangazi kukutana na Kiswahili Maskati. Watu wengi wa Oman wana asili ya Unguja na Pemba, na wengine walihamia huko baada ya mwaka wa 1964, wakaenda na lugha yao kama mtu aendavyo na jina lake. Lakini kwangu siku ile Kiswahili kile kilikuwa kama mkono wa mama mgongoni. Nikamweleza yote, tangu jokofu la nyumbani mpaka pipa la taka. Tukaufungua mkoba pamoja. Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji, na maji yenyewe yalikuwa ya vuguvugu. Mbele yangu ilibaki safari ya saa 5 na nusu. Nilijua maana yake. Naye alijua, ijapokuwa hakuwa amesoma kanuni yoyote.

Akaniambia kwamba alipozaliwa, mama yake aliugua, akanyonyeshwa na jirani. Wana wa jirani yule wakawa ndugu zake. "Mpaka leo wakija hapa huingia ndani kwangu hawabishi hodi. Ziwa ndilo lililotufanya ndugu." Wasomaji wengi wajua kwamba katika sheria ya Kiislamu maziwa hujenga udugu unaozuia ndoa, katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, hutajwa minyonyo 5. Maziwa, kwa macho ya bibi yule, hayakuwa kimiminika hata kidogo. Yalikuwa nasaba. Na alijua hivyo bila ya kuuliza kama mtoto yupo au hayupo.

Nilipovichukua vifuko kwenda navyo kwenye karo, nilikuwa nalia. Bibi akasimama kando yangu. "Mwaga, mwanangu. Kitu kilichoharibika hakipewi mtoto. Hiyo si dhambi. Lakini usiyamwage kwa aibu kama mtu aliyeiba. Sema Bismillahi, umwage."

Nikafanya alivyosema. Lita 2 za maziwa hazichukui muda mrefu kumwagika. Kila kifuko kilikuwa na tarehe na saa kwa mwandiko wangu, na tarehe zile zilikuwa habari kamili za mkutano: hiki nilikijaza baada ya kusoma makala, hiki katika ghala la viti, hiki usiku wa manane nilipokuwa nikitazama picha ya mtoto katika simu, kwa maana maziwa hushuka upesi mama amwonapo mtoto wake, hata awe picha tu. Kisha tukaenda pamoja kwenye mkahawa wa kiwanja. Bibi akaomba barafu kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, akaeleza waziwazi ni ya nini. Na hapana mtu aliyecheka. Kifuko kimoja tu, nilichokijaza katika chumba cha sala, ndicho kilichofika Dar es Salaam kikiwa baridi. Kilikuwa na mililita 150.

Mama yangu alikipokea kwa mikono miwili. Mtoto alinitazama kama atazamavyo mgeni, akageuza uso, akakataa ziwa alasiri ile na usiku ule. Nasema kweli kwamba usiku ule niliona nimeuza kitu nisichoweza kukinunua tena. Alfajiri, akiwa bado katika usingizi, alinisogelea mwenyewe akanyonya. Ndipo nilipojua kwamba naibu wake, ile mashine ndogo niliyoionea haya, alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu; maziwa yalikuwapo.

Tangu siku ile nimezisoma sheria kwa jicho jipya, na nimekuta kwamba nyingi zina kasoro ya yule kijana mkaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka wa 2004 yampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baada ya hapo yamruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni sheria yenye huruma. Lakini yamdhania mtoto kuwa yu karibu, na katika mji mkubwa mtoto hayuko karibu. Saa 2 huliwa na foleni ya magari kabla mama hajafika nusu ya njia. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, walikwenda hatua mbele: walimtaka mwajiri aweke mahali maalumu penye maji ya kunawa, jokofu, meza, viti na umeme wa kuendeshea pampu. Waliotunga maneno hayo walimwona mama aliye peke yake.

Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka wa 2016 ya kuwafunza wakaguzi wa viwanja vya ndege namna ya kuyashughulikia maziwa na vyombo vyake, na huko mama huruhusiwa kupita na maziwa pamoja na vifuko vya barafu hata asipokuwa na mtoto. Uingereza humruhusu kuyachukua mkononi bila ya mtoto, katika vyombo visivyozidi mililita 2,000 kimoja, ila yaliyogandishwa huyapeleka katika mizigo ya chini. Kanuni hizi hazifanani, na mama aendaye safari yampasa azisome za kila mlango atakaoupita. Lakini zaonyesha kwamba kuandika kanuni inayomwona mama si jambo lisilowezekana. Hutaka tu mtu mmoja aseme mapema, kwa sauti inayosikika.

Na hapo ndipo sehemu ya lawama inaponirudia. Ningaliweza kuwaandikia wenye ndege kabla ya safari. Ningaliweza kumwomba daktari barua, na kuwaomba wenyeji wa mkutano chumba. Kila moja katika hayo lilitaka nimwambie mtu neno lile, nami nilichagua kunyamaza nikakuita kunyamaza kwangu adabu. Adabu yetu ni kubwa na naipenda. Imetufunza kusitiri mwili, na kusitiri ni jema. Lakini kusitiri mwili na kuficha haja ya mwili si jambo moja. Mtu awezaye kujisitiri ni yule aliyepewa pa kujisitiria, na hapewi asiyesema.

Niliporudi kazini nilimwandikia mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja. Niliomba chumba kidogo kilichokuwa kikiwekwa karatasi za mitihani ya zamani, kitiwe komeo, kiti, meza na jokofu, kwa ajili ya walimu, makarani, wafagizi na wanafunzi wanaonyonyesha. Niliandika neno lenyewe bila ya kulizungusha. Barua ikapelekwa katika kamati, na katika kamati alikuwamo yule profesa mzee. Aliisoma, akavua miwani, akanitazama akasema, "Kumbe ndiyo ile dawa?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Nilikudanganya. Naomba radhi."

Akanyamaza kidogo. "Mke wangu alikuwa mwalimu. Alikuwa akirudi nyumbani na nguo zimelowa kifuani, nami sikumwuliza hata siku moja kwa nini." Akaivaa miwani, akaitia barua sahihi. Chumba kilipatikana kabla ya mwaka kwisha.

Kiswahili kina neno likizo, ambalo latokana na kulikiza. Na kulikiza, katika kamusi, ni kumpa mtu ruhusa ya kupumzika kazi, na pia ni kumwachisha mtoto ziwa. Nilipolikuta neno hilo ujanani nililiona kuwa jambo la kupendeza la kuwachekeshea wanafunzi. Leo naliona kuwa onyo. Likizo ya mama ikiisha, isiwe ndiyo siku ya kumlikiza mtoto kwa sababu tu ya kukosa chumba, barafu na neno la kusema mlangoni. Wazee wana methali isifuyo utamu wa titi la mama hata kama mama huyo ni mbwa, nasi tumezoea kuitumia tuisifupo lugha yetu. Naomba tuikumbuke pia kwa maana yake ya kwanza kabisa. Mtoto wangu sasa anasoma shule. Kifuko kile cha mililita 150, kitupu na kimeoshwa, chenye tarehe na neno Maskati kwa mwandiko wangu, kimo katika kamusi yangu, katika ukurasa wa herufi N.